Bwana Leseni na Modemu Bubu

Jina la Bwana Leseni alipewa na mhazili wa ofisi yetu, siku ile fundi alipokataa kumwekea kwenye kompyuta mchezo wa karata ulioletwa na mtu kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

"Leseni yake iko wapi?" fundi aliuliza.

Mhazili alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Jamani, hata karata siku hizi zina leseni? Basi njoo uikague na chai yangu."

Tangu hapo fundi wetu wa kompyuta hakuitwa tena jina alilopewa na wazazi wake. Hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kwa miaka mingi ya kutambaa chini ya meza za watu akitafuta nyaya, na mfuko wa shati lake ulikuwa na tundu lililotobolewa na bisibisi. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito na bado hajafika anakokipeleka. Ukimwuliza hali, alijibu, "Tunasukuma." Hakuna aliyewahi kumsikia akisema mzima kama njugu.

Shirika letu lilikuwa na zahanati chache zilizotawanyika mbali na mji. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta moja na laini moja ya simu. Adhuhuri muuguzi aliiamuru kompyuta ipige simu ofisi kuu; modemu, kile kifaa cha kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ililia ule mlio wake wa kukwaruza, kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe, kisha ikatulia, na maswali ya muuguzi kuhusu wagonjwa yakaingia. Daktari, ambaye mchana kutwa alikuwa wodini na hashikiki kwa simu, aliyasoma alipotoka na kuyajibu. Muuguzi alipiga tena na kuyachukua majibu. Zamani maagizo hayo yalipitia mdomo wa mpokea simu, kisha wa karani, kisha wa mlinzi, na dawa si habari ya kupokezana midomo. Kwa hiyo huo mlio wa paka ulikuwa na maana kubwa kuliko ulivyosikika.

Tatizo la Bwana Leseni lilikuwa moja. Kompyuta zote za zahanati zilikuwa zikiendeshwa kwa mfumo wa kulipiwa ambao hakuna aliyeulipia. Nakala moja ilikuwa imepita kutoka mashine hadi mashine, kama nguo ya kuazima. Wengine tuliona ni jambo dogo. Yeye hakuona hivyo, nami sasa sioni hivyo. Mtu akichukua kitu cha mwenzake bila ridhaa, ukubwa wa mwenye mali haupunguzi kosa. Tumezoea kusema tajiri hatahisi. Lakini kipimo cha wizi si maumivu ya aliyeibiwa. Kipimo ni mkono wa aliyeiba.

Katika mkutano alisimama na kueleza kwamba kuna mfumo huria, ulioandikwa na watu wengi na kuachwa wazi, kila mtu autumie, autazame ndani na kuurekebisha, bila kumwibia mtu. Wakubwa walikubali. Hawakukubali kwa kuogopa dhambi; waliogopa virusi, ambavyo mwezi uliopita vilikuwa vimekula taarifa za nusu mwaka. Bwana Leseni hakujali walikubali kwa sababu gani. Alisema, "Mvua haiulizwi imetoka wingu gani."

Kilichobaki kilikuwa modemu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila haya mtu hataelewa kilichompata. Modemu za zamani zilikuwa masanduku yaliyokaa nje ya kompyuta, zenye taa zake na akili zake. Ulizipa namba, zikapiga. Hazikujali kompyuta inaendeshwa na mfumo gani. Baadaye wakaja watengenezaji na kadi ndogo za bei nafuu za kuchomekwa ndani. Nyingi kati ya hizo hazina akili. Ni midomo tu. Kazi yote ya kuongea na kusikiliza hufanywa na programu ndani ya kompyuta, na programu hiyo huandikwa kwa ajili ya mfumo wa kulipiwa peke yake. Ukiichomeka kadi ya namna hiyo kwenye mfumo huria, inakaa kama mtu aliyezoea kutafuniwa na kumezewa: kinywa anacho, lakini hali.

Modemu zilizokuwamo kwenye mashine zetu zilikuwa za aina hiyo. Bwana Leseni alijua. Ndiyo maana alitafuta kadi ambayo ina akili yake, akasoma maandishi ya mafundi wenzake wa nchi za mbali, akachagua moja, akaomba iletwe ya majaribio. Ilipofika aliichomeka, akaweka mfumo huria, akapiga. Paka wakagombana. Simu ikashika. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga mvua ikinyesha wakati laini ina makelele. Haikumwangusha hata mara moja.

"Sasa agiza za zahanati zote," alimwambia mkurugenzi.

"Umejaribu moja tu."

"Mchuzi huonjwa kwa kijiko kimoja, bosi."

Msemo huo aliupenda. Na mkurugenzi, mtu wa suti na haraka, aliupenda pia, kwa sababu ulimaliza mazungumzo. Ile kadi ya majaribio, kwa kuwa ilikuwa nzuri na heshima huanzia juu, ikawekwa kwenye kompyuta ya mkurugenzi mwenyewe.

Kadi nyingine zikaja katika maboksi yaleyale, zenye picha ileile ya msichana anayecheka na jina lilelile. Bwana Leseni na dereva walizunguka zahanati zote. Laini za kule zilikuwa zimezimwa juma hilo kwa matengenezo ya nguzo, basi akafuta mfumo wa wizi, akaweka mfumo huria, akachomeka kadi, akawaelekeza wauguzi, akarudi. Alirudi amechoka lakini ana furaha, jambo ambalo kwake lilionekana kama ugonjwa. Mhazili alimwuliza kama ana homa.

Laini ziliporudi, hakuna zahanati iliyopiga.

Ya kwanza kulalamika ilikuwa zahanati ya mbali kuliko zote, ng'ambo ya mto. Muuguzi wake alikuwa dada yake Bwana Leseni, mkubwa wake wa kuzaliwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Alipiga simu ya kawaida, na kwa kuwa mhazili alikuwa na tabia ya kuacha kipaza sauti wazi, tulisikia wote.

"Umeniletea bubu, mdogo wangu."

"Imeandika nini kwenye kioo, dada?"

"Imeandika hakuna modemu. Ninaitazama kwa macho yangu mawili, nayo inaniambia haipo."

"Nipe siku chache."

"Mimi nikupe siku? Kaziombe kwenye mawingu. Mto ukijaa, gari halivuki mpaka mvua iishe, unajua. Nina wajawazito wawili hapa sipendi presha zao. Nitamwuliza nani? Nimuulize chura?"

"Dada, nitarekebisha."

"Ile ya kwanza ilikuwa inapiga."

"Ile ilikuwa ya wizi."

Kisha yule mama akasema polepole, bila kelele, na hilo lilikuwa kali zaidi ya kelele: "Sikatai. Mimi ndiye niliyekufundisha kurudisha chenji dukani. Lakini nisikilize. Ukitaka kutubu, tubu kwa jasho lako. Usitubu kwa wagonjwa wangu."

Nimeisikia mihadhara mingi ya maadili, na mingine nimeitoa mwenyewe. Sijasikia iliyo fupi na iliyonyooka kuliko hiyo. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kwa gharama ya mwingine, akalala usingizi mzuri, na huyo mwingine ndiye anayekesha.

Bwana Leseni aliingia stoo, akafungua kadi moja iliyobaki, akabandua karatasi ya jina iliyofunika chipu. Akaenda kwa mkurugenzi, akaomba radhi, akaifungua na ile ya majaribio. Akaziweka pamoja juu ya meza. Boksi moja, picha moja, jina moja. Chipu mbili tofauti. Kati ya kutengeneza ile ya majaribio na kutengeneza hizi nyingine, kiwanda kilibadilisha kilichomo ndani na hakikubadilisha kilichoandikwa nje. Ile ya kwanza ilikuwa na akili. Hizi zilikuwa midomo mitupu.

Mchuzi kweli huonjwa kwa kijiko kimoja, kwa sababu umo katika sufuria moja. Modemu kila moja ilipikwa kwake. Alikuwa ameuamini msemo mzuri kuliko macho yake, na hilo ni kosa linalowapata hasa watu makini: wanapima vizuri sana kitu kimoja, kisha wanadhani wamepima vyote.

Hakumlaumu muuzaji. Alisema mbele ya wote, "Kosa ni langu. Nilipaswa kufungua kila boksi."

Siku zilizofuata zilimzeesha. Alipata programu ya kuendesha zile chipu iliyoandikwa na mtu fulani wa mbali, kwa hisani yake, kwa mfumo huria. Ilikuwa nusu kazi, nusu matumaini. Aliirekebisha, akaijaribu: kadi ililia, ikapiga, ikashika, na mara kompyuta nzima ikaganda kama maji ya barafu. Akarekebisha tena. Ikaganda tena. Tulipita mlangoni tukaona mgongo wake tu. Mhazili alimpelekea chai, akaikuta baadaye imejaa utando.

"Bwana Leseni, kunywa basi. Chai yangu ina leseni."

Hakucheka. Alisema asante, akainywa baridi.

Wingu lilikuwa linakaa muda mrefu zaidi kila alasiri. Zahanati nyingine zilikuwa karibu na lami. Karatasi zao zingeweza kuja na kurudi kwa gari mpaka zinunuliwe modemu za nje, zile za masanduku, katika bajeti ijayo. Zilinung'unika, lakini zingeishi. Ya ng'ambo ya mto ndiyo isingeweza. Na modemu yenye akili ilikuwa moja tu ukiacha ile kuu ya kupokea simu zote. Nayo ilikuwa ndani ya kompyuta ya mkurugenzi.

Akaenda kuiomba.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kumpa ushauri wake, naye aliurudia: "Kwa nini unajitesa? Rudisha mfumo wa zamani kwa dada yako. Hata zahanati zote. Nani anakwenda kukagua kule?"

"Bosi, tulisema mkutanoni tumeacha."

"Tulisema mambo mengi mkutanoni."

"Nipe ile kadi. Wewe una simu, una gari, una mhazili. Yeye ana mto."

"Na wafadhili wangu niwaandikie kwa njiwa?" Mkurugenzi alizungusha kalamu vidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida aliyekalia kiti kikubwa, na kiti humfundisha mtu kuona shida zake kwanza. "Sikiliza. Ichukue. Lakini kabla hujaichukua, nirudishie mfumo wa zamani kwenye mashine yangu, uniwekee moja ya hizo bubu zako. Kwangu itaongea, sivyo?"

"Itaongea."

"Basi. Kila mtu amepata. Nakala unayo?"

Nakala ilikuwapo stoo, juu ya rafu, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Kazi ya saa moja. Dada yake angepata sauti, mkurugenzi angepata barua zake, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini mkono wa kuiweka ungekuwa wake yeye, aliyesimama mbele ya watu na kusema tusiibe.

Alisema, "Nipe mpaka kesho, bosi."

Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta moja tu iliyo halali kwa mfumo wa kulipiwa: ya mkewe. Mama watoto alikuwa mpiga chapa. Barazani, nyuma ya pazia la maua, aliwapigia watu barua za maombi ya kazi, tasnifu za wanachuo, na risala za kuagana. Mashine ile ilinunuliwa mpya, leseni yake imebandikwa ubavuni na kiwanda, nayo haihami. Inakwenda na sanduku lake. Mkewe alikuwa ameizoea kama mkono wake. Alipiga chapa huku akizungumza na wateja bila kutazama kioo.

Alimweleza yote mkewe akiendelea kupiga chapa. Vidole vilisimama alipofika mwisho.

"Kwa hiyo mashine yangu ikakae mezani kwa mkurugenzi."

"Kwa muda. Mpaka bajeti."

"Na mimi?"

"Nitakuletea ya kwake, yenye mfumo huria. Ina programu ya kuandikia. Herufi ni zilezile."

"Herufi ni zilezile," mkewe alirudia, kama mtu anayeonja kitu alichoambiwa ni kitamu. "Si umpelekee dada yako hii hii, mkurugenzi abaki na yake?"

"Kule wanatumia umeme wa jua. Hii inakula umeme sana, itamaliza betri ya friji ya chanjo. Ile ndogo ya dada ndiyo inayofaa, na inataka kadi ya mkurugenzi."

Mkewe alizima kioo, akakaa akitazama uso wake ndani yake.

"Baba watoto, nikuulize. Kwa nini kila haki yako lazima ipite mlangoni kwangu? Ulipokataa ile kazi ya kuwawekea wakubwa programu za bandia, tulihama nyumba. Ulipomshitaki yule fundi mwenzako, shangazi yake akaacha kuniletea wateja. Sisemi ulikosea. Nasema nimechoka kuwa mlango."

Bwana Leseni alikaa kwenye kiti cha wateja. Mwishowe mkewe akainuka, akachomoa waya wa umeme, akauzungushia kiganjani vizuri, mzunguko kwa mzunguko.

"Wajawazito wawili, ulisema?"

"Wawili."

"Ichukue. Ila tasnifu ya huyu kijana imo ndani, usije ukaipoteza. Na wewe ndiwe utakayenifundisha, si kuniachia kitabu."

Asubuhi mashine ya mpiga chapa iliwekwa mezani kwa mkurugenzi, leseni ubavuni, kadi bubu ndani, nayo ikaongea vizuri kabisa. Mkurugenzi aliitazama, akaona karatasi ya maua iliyobandikwa na mkewe Bwana Leseni pembeni ya kioo, akainamisha macho. Kuna aibu inayomfaa mtu, nami nilifurahi kuiona ikimpata.

Dereva na Bwana Leseni walivuka mto maji yakiwa yamefika katikati ya magurudumu. Dereva alikataa kuzima injini upande wa pili. "Fanya haraka, mzee, huu mto hauna leseni." Dada alisimama mlangoni mikono kiunoni wakati mdogo wake akifungua kompyuta, akitoa kadi bubu na kuweka ile yenye akili. Hakumkaribisha kiti. Modemu ilipolia, paka wawili ndani ya debe, wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waligeuka. Simu ikashika.

"Haya," dada akasema. "Nenda, mto unapanda."

Hapo ndipo mtu angependa kusikia kwamba walimshangilia. Zahanati nyingine zilipojua kadi pekee iliyokuwa nzima imekwenda ng'ambo ya mto, muuguzi mmoja alipiga simu na kusema kwa sauti ya asali, "Tumesikia. Damu nzito kuliko maji, hata ya mto." Ofisini jina likabadilika. Wengine wakaanza kumwita Mdogo wa Dada. Mtu aliyekuwa hajipendelei hata kwa mchezo wa karata alipata sifa ya upendeleo kwa jambo ambalo lilikuwa la haki. Alieleza mara moja, kwa sababu ukweli unastahili kusemwa mara moja. Hakueleza tena. Nadhani alikuwa amechoka kujitetea, na pengine alijua pia kwamba aliyewapelekea wenzake modemu bubu hana mdomo mrefu.

Mvua ikashuka, mto ukajaa, barabara ya zahanati ile ikafungwa.

Jioni alikaa barazani kando ya mkewe akimfundisha mfumo mpya. Mkewe alibonyeza pale alipozoea, kikafunguka kitu kingine. Akapumua kwa nguvu, akaanza upya. Kijana wa tasnifu alikuja mara mbili akaambiwa subiri. Mteja mmoja alikwenda kwa mpiga chapa wa mtaa wa pili. Bwana Leseni alimwona akipita na karatasi zake chini ya mwavuli, mkewe naye akamwona.

Kisha jioni moja mhazili alimletea pale barazani ujumbe ulioingia ofisi kuu adhuhuri, umechapwa kwenye karatasi. Ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya daktari: mjamzito mmoja, miguu na uso vimevimba, kichwa kinauma, namba za presha, dawa aliyoanza kumpa, je, kiasi hiki ni sawa? Chini yake daktari alikuwa amejibu kwa mkono wake, na jibu lilikuwa limekwisha kwenda.

Sehemu ya pili ilikuwa ya fundi.

"Inapiga. Mpe mkeo shukrani zangu, mwambie nimejua mashine imetoka wapi. Wewe nitakushukuru mvua ikiisha."

Bwana Leseni aliikunja karatasi. Mkewe alikuwa anahangaika kutafuta jinsi ya kupiga mstari chini ya kichwa cha barua.

"Dada anakushukuru," alimwambia.

"Na wewe?"

"Mimi bado, mpaka mvua iishe."

Mkewe aliguna, karibu acheke. Akamsogezea kiti. "Basi njoo unionyeshe huu mstari, maana hapa mimi ndiye bubu."